Nia Niliyoisema kwa Sauti

Skola mwanangu,

Umetoka saa tisa kwenda kumuaga jirani yetu Bi Mwajuma, na kwa jinsi ninyi wawili mnavyojua kukaa, hutarudi kabla ya magharibi. Nimefunga mlango wa uani nikakaa juu ya gunia la mahindi, daftari magotini. Meza umeijaza nguo zako na sikutaka kuzigusa. Umezikunja vizuri kuliko ninavyoweza mimi.

Barua hii nimeianza mara mbili nikaichana. Ya kwanza ilikuwa chemsha maji, funika chakula, usivae nguo mbichi, vidonge saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Nikaisoma nikaona aibu. Wewe ndiye uliyekuwa unanikumbusha mimi saa ya vidonge vyako, tangu ukiwa na miaka kumi na minne. Ya pili niliijaza maneno ya kanisani mwanzo hadi mwisho. Nayo nikaichana, maana mtoto aliyeumizwa na mtu anayesali sana hahitaji kusaliwa tena kwenye karatasi.

Kwa hiyo hii ni ya tatu, na nitaandika lile moja ambalo miezi minne hii tunalizunguka humu ndani kama kisima kisicho na mfuniko. Niliitoa siri yako mbele ya jumuiya. Sikuitoa kwa ugomvi wala kwa umbea wa sokoni. Niliitoa kama nia ya sala, nimefumba macho, rozari mkononi, na ndiyo maana sijui hata nijiteteeje.

Nianzie kwa baba yako, kwa sababu huko ndiko nilikopaswa kuwa nimejifunza.

Unakumbuka alivyokuwa akiniita Redio. Nikirudi kutoka jumuiya anakaa sawa kwenye kigoda, anasema, "Haya, redio imerudi, tusomewe habari." Wewe ulikuwa unacheka, mimi nacheka pia, maana hakusema uongo. Jumuiya yetu ina nyumba kumi na tatu. Baada ya kusoma Injili kila mtu anatoa nia zake kwa sauti, na ukitoka pale unajua nani mguu umemvimba, mtoto wa nani karudishwa shule, na mume wa nani hajaonekana tangu Jumatano. Mzee Klementi, mwenyekiti wetu, husinzia kuanzia fumbo la pili la rozari, lakini nia zikianza huamka mwenyewe bila kuguswa. Sisemi hivi kuwacheka. Watu wale wale ndio waliotuchotea maji wiki nzima ya msiba wa baba yako. Nataka tu ukumbuke jinsi ilivyokuwa, kwamba kwetu kumsemea mtu shida yake mbele ya wengine kulihesabiwa ni kumpenda.

Ulikuwa na miaka tisa hivi zamu ilipofika kwetu, wakaja kusali hapa nyumbani. Baba yako alikuwa amemaliza wiki tatu hajaonja pombe. Alikuwa anarudi kutoka karakana mikono inatetemeka, anakaa kizingitini na bakuli la karanga, anatafuna moja moja, taratibu, mradi mdomo uwe na kazi. Hakumwambia mtu. Hata mimi hakuniambia, niliona tu. Siku ile akakubali kukaa na wanajumuiya, kavaa shati lake la Pasaka, na moyo wangu ukajaa mpaka ukamwagika. Zilipofika nia nikasema tumshukuru Mungu kwa ajili ya mume wangu, hii ni wiki ya tatu hajanywa, tumwombee asirudi nyuma. Wakaitikia kwa nguvu, Ee Bwana utusikie. Mama mmoja akapiga kigelegele.

Baba yako hakuinua kichwa. Watu walipoondoka alinisaidia kurudisha mabenchi ya kuazima, halafu akaniambia, wala hakuwa na hasira, "Mama Skola, kile kilikuwa changu. Nilikuwa nakibeba mwenyewe. Sasa nikishindwa, nashindwa mbele ya nyumba kumi na tatu."

Jumatatu alirudi amelewa. Hakukaa tena na jumuiya, na mimi kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba mume wangu hapendi sala. Hilo nalo nililifanya nia. Nilimwombea kwa sauti apende sala.

Halafu akalazwa hospitali ya Kitete, ini limeharibika. Siku ya kwanza tu akanishika mkono akasema, "Hii usiitangaze. Nakuomba." Nikaapa. Na ajabu, hiyo niliishika. Wanajumuiya walipokuja niliwaambia anaumwa, basi. Mama Rozi alichukia kidogo, akaniuliza tutaombeaje tusichokijua. Lakini kesho yake alileta uji wa ulezi kwenye chupa, na mwingine akachukua mashuka kwenda kuyafua, na hakuna aliyejua wanamfulia mgonjwa wa nini. Ningekuwa na akili ningeona hapo hapo kwamba hawakuhitaji kujua.

Siku kumi na tisa nilikaa naye. Nilimkata kucha za miguu, kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu anioe. Alinisimulia habari za utoto wake Goweko, walivyokuwa wakifunga tumbaku kwenye vijiti wakichafuka mikono utomvu mweusi usiotoka kwa sabuni, mpaka mama yake anawalisha kwa mkono wake ili wasiushike ugali. Siku ya kumi na saba akataka tusali rozari. Rozari yenyewe ilimwia nzito, basi akahesabu Salamu Maria kwenye vidole vyangu, anaviminya kimoja kimoja. Tukarudia mkono huo huo mpaka mafumbo yakaisha. Skola, mimi niliolewa miaka ishirini, lakini nikiulizwa ndoa yangu ilikuwa ipi nitasema ni zile siku kumi na tisa. Hakukuwa na mtu wa kutuona wala wa kusema amina. Nilitoka pale nikiwa mjane, nikajiambia angalau nimejifunza.

Nilikuwa nimejifunza nini, ikiwa nilikuja kukufanyia wewe lile lile?

Hapa niseme habari za Bi Mwajuma, ambazo hujawahi kuzisikia kwa upande wangu.

Ile siku ya kwanza ulipoanguka ulikuwa barazani kwake, unajifunza cherehani. Mimi nilikuwa sokoni na chupa zangu za asali. Mtu alikuja kuniita, nikakimbia kanga mkononi. Nilimkuta Bi Mwajuma amekaa chini, kafunga mlango wa baraza, wewe umelazwa ubavu, kichwa chako mapajani pake, na anakufuta povu kwa pindo la ushungi wake mwenyewe. Wewe unajua watu wa hapa wanavyosema, kwamba lile povu linaambukiza. Wapo wanaotimua mbio hata mtoto akiwa wa kumzaa. Nje kulikuwa na mteja anagonga, anataka sare za watoto, na yeye akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mashine imekata mkanda, arudi kesho.

Nilimwambia, dada, nakuomba usimwambie mtu. Akanitazama kama nimemwambia kitu cha kuchekesha. "Nimwambie nani, na nimwambie nini? Mtoto kachoka, kalala."

Miaka tisa hakusema. Na mimi miaka hiyo yote nilikuwa nikipita mbele ya baraza lake natazama midomo yake anapoongea na wateja. Akicheka na mtu, nasema tayari, ndilo hilo. Nilikukataza usizoee sana pale, nikakwambia watu wa mjini wana maneno, na tena si wa dini yetu. Ulinijibu, "Mama, yule ananijua kuliko shangazi zangu," nikakufokea. Nilikuwa nalinda mlango wa jirani, wangu uko wazi.

Sasa nifike kwa Gaudensi.

Alipokuja kukuposa nilifurahi hadi nikasahau kuogopa. Fundi wa reli, mpole, Mkatoliki, kwao wanajulikana, na shangazi yake ndiye Mama Rozi wa jumuiya yetu. Ulikuwa umemaliza miaka mitatu hujaanguka hata mara moja. Tangazo la kwanza la ndoa likasomwa kanisani, watu wakageuka kukutazama, wewe ukainamia kitabu cha nyimbo. Alhamisi yake tulikuwa hapa uani tunachambua mchele. Ukaacha kuchambua ukasema, "Mama, Jumapili akija kutoka Igalula nitamwambia. Nataka asikie kwenye mdomo wangu. Akinikataa, anikatae akiniangalia." Halafu ukasema, "Hili niachie mimi."

Nikasema, nimekuachia. Hayo ndiyo maneno yangu, nayakumbuka, na uteo ulikuwa mikononi mwangu.

Jumamosi tukasali kwa Mama Rozi. Nilikwenda nimebeba woga wako, maana mama akiambiwa mtoto wake anaweza kukataliwa kesho, huo woga hana pa kuuweka. Zilipofika nia sikukusudia kusema zaidi ya neno moja. Nikasema, tumwombee binti yangu Skolastika, kesho ana jambo gumu la kumweleza mchumba wake. Ningeishia hapo ingekuwa imekwisha. Lakini Mzee Klementi, naye kwa nia njema, akauliza, "Jambo gani hilo, Mama Skola? Tuombe tukijua."

Pakawa kimya. Hata kuku waliokuwa uani niliwasikia.

Skola, nimeutafakari ule ukimya miezi minne. Nimejiambia nilisema kwa sababu sala ya wengi ina nguvu. Nimejiambia niliulizwa na mkubwa. Yote mawili ni kweli, na hayo siyo yaliyonifanya niseme. Nilisema kwa sababu wale wanawake walikuwa wamenigeukia. Kulikuwa na uzito ule wa watu kukusikiliza, na mimi tangu baba yako afe nilikuwa sijasikilizwa na mtu. Mtu mwenye nia nzito kuliko wote hushikwa bega siku hiyo. Husindikizwa mpaka kwake. Nilitaka kushikwa bega, mwanangu, na nikalinunua bega hilo kwa kitu ambacho hakikuwa changu. Nikasema ana kifafa, tangu utotoni, tumwombee apone na mwenzake ampokee.

Wakaitikia, Ee Bwana utusikie. Nilipofumbua macho, Mama Rozi alikuwa bado amefumba yake, kayabana, na midomo imekwisha kukauka.

Walinisindikiza, ndiyo. Nilisindikizwa na watu wanne.

Jumapili uliamka ukapiga pasi gauni la bluu. Sikukwambia nilichofanya. Nilikutazama unapiga pasi, nikakukaribisha chai, nikajipa moyo kwamba labda Mama Rozi atanyamaza, na hilo ndilo linalonichoma kuliko hata kule kusema. Nilikuwa na asubuhi nzima ya kukuonya, nikaipoteza kwa kukoroga sukari.

Gaudensi aliingia bila kupiga hodi ya kawaida. Hakukaa. Aliniamkia kwanza, shikamoo mama, kwa adabu zake zile zile, halafu akakugeukia wewe akasema, "Mimi sijakasirikia ugonjwa. Shangazi kanipigia simu jana jioni, mjomba naye, mpaka bosi kazini kashajua. Kumbe mtaa mzima unajua, isipokuwa mimi." Wewe ukamwambia, "Leo ndiyo siku niliyotaka kukwambia." Akasema, "Kila mtu angesema hivyo," akatoka. Ulikuwa unasema kweli na hukuwa na shahidi ila mimi, na mimi nilikuwa nimeshika birika.

Hukulia. Ulinitazama. Sijui kama unajua ulinitazama kwa muda gani.

Jumapili iliyofuata kanisani, katekista alisoma matangazo ya ndoa ya jozi mbili, akaruka kwenda kwenye zamu za usafi. Mahali pa jina lako palipita na watu wote wakapasikia. Wakati wa kutakiana amani, mama aliyekuwa kushoto kwako akaingiza mikono ndani ya kanga. Nilimwona. Wewe ulikuwa umekwisha kunyoosha wako, ukaurudisha taratibu ukajishika shavu, kama vile ndivyo ulivyokusudia tangu mwanzo. Tumbo langu lilizaa mtu wa namna hiyo, anayemfichia aibu hata yule anayemwaibisha, na mimi ndiye niliyempeleka pale.

Wiki ile wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao, havijashonwa. Waliulizia kwa upole, wakakunja, wakaondoka. Wewe ukaacha vidonge siku mbili, sijui ni kwa kusahau au kwa kuchoka, na sikuthubutu kukuuliza, ukaangukia bombani mbele ya foleni ya ndoo. Walioniita walisema watu walisogea nyuma. Nilipofika tayari Bi Mwajuma alikuwa chini kwenye matope na goti lake bovu, amekulaza ubavu, anaongea na wewe taratibu kama unamsikia. Nilisimama. Yaani nilisimama tu, Skola, kama wale wengine, kwa sababu sikujua kama nina haki ya kukushika.

Nilikwenda kitubio. Yanayosemwa kule ni ya kule, lakini malipizi yangu naweza kuyasema, maana yanakuhusu. Padre aliniambia niende nikamwombe binti yangu msamaha, na nisimwambie mtu yeyote kwamba nimeomba. Nadhani alikuwa amekwisha kunijua.

Basi nikakufuata jikoni. Ulikuwa unamenya viazi. Nilipiga magoti, ukaniinua haraka, hukutaka nipige magoti. Ukasema, "Nimekusamehe, mama. Kweli kabisa. Ila sina tena cha kukuambia."

Ukarudi kwenye viazi.

Nilidhani ni hasira, zitapita. Sasa naona haikuwa hasira. Ulikuwa unanipa habari. Tangu siku hiyo unaniamkia kila asubuhi, unanipikia, unanichemshia maji ya kuoga mgongo ukiniuma, na hunielezi chochote. Sijui unaota nini. Sijui kama Gaudensi amewahi kukutafuta tena. Habari ya safari yako nilisikia kwa kuona sanduku. Nilikuwa na mtoto ambaye akiwa na homa alikuwa ananiita mayo, yaani mama kwa kilugha cha bibi yake, na hata wiki hii ya mafua nilikaa nje ya mlango wako nikisubiri uniite hivyo, hukuita. Nimesamehewa na nimefungiwa nje, yote kwa pamoja. Sikujua kwamba inawezekana.

Nimesali. Usidhani sikusali. Lakini siku hizi nikianza tu kusema maneno nayasikia kama yanasemwa mbele za watu, najiona nilivyokaa, ninavyoinamisha kichwa, basi nanyamaza. Jumuiya nakwenda, naketi nyuma. Kila Jumamosi Mzee Klementi ananiuliza, nami nasema leo sina nia. Anadhani nimepoa kiimani. Huenda ni kweli. Huenda sikuwa na moto wenyewe, nilikuwa na moshi tu.

Sijui kama huko uendako utaingia kanisa lolote. Sitauliza. Zamani ningekwambia usikose Misa, na ningekuwa nakwambia ili nije niseme kwa watu kwamba binti yangu hakosi Misa. Nikitafuta sasa ni wapi katika maisha yangu nilimwona Kristo akipita, sioni hata mara moja nilipokuwa naongea. Naona zile kucha za baba yako. Naona shuka lililofuliwa na mtu asiyejua ugonjwa. Naona ushungi wa mwanamke ambaye hajui hata Salamu Maria moja, na sisi wenye rozari tumesogea nyuma na ndoo zetu. Na nakuona wewe na mkono wako shavuni. Kama kuna kitu nakuombea, na naandika hapa tu, ni kwamba huko uwe na mtu wa kukugeuza ubavu. Akiwa wa dini gani, hilo nimeacha kulijali. Na wewe uendelee kuwa ulivyo kwa wengine, isipokuwa usijifiche sana. Mimi nilikufundisha kujificha, halafu nikakufichua. Hukufundishwa lile la katikati, la kumwambia mtu mwenyewe, kwa siku uliyoichagua. Ulijifundisha peke yako, ile Alhamisi na mchele, na ulikuwa sahihi. Usiache kwa sababu yangu. Ukimpata wa kumwambia, mwambie.

Sasa neno la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya kusubiri nikwambie kesho.

Leo saa sita Bi Mwajuma alikuja hapa, wewe umekwenda mjini. Alikuwa na karatasi imekunjwa. Najua ndugu zake wametapakaa njia yote ile ya zamani, tangu enzi za misafara, babu zao wakiwa wenye mali na babu zetu wakiwa wapagazi wa kuibeba. Wapo Urambo, wapo Uvinza, wapo Ujiji, kila kituo cha treni ana binamu, na mmoja wao ndiye atakayekupokea. Akasema, "Mama Skola, hapa pameandikwa nyumba atakayofikia na namba yake mpya ya simu. Kasema nikupe. Kasema kwa shingo upande, sikufichi, lakini kasema."

Nilielewa ulichofanya. Ulikuwa unanifungulia mlango kidogo. Huenda ulikaa usiku kadhaa kabla ya kuamua.

Sikuipokea. Bi Mwajuma aliniwekea mkononi nikamrudishia, bado imekunjwa. Akasema una nini wewe mwanamke, ni mwanao. Nikamwambia, kaa nayo wewe. Jana tu Mama Rozi alipita kuuliza Skola anakwenda wapi, wanataka kumwombea safari njema, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli, na nikasikia ulimi wangu unajisogeza. Sikuwa na cha kusema kwa kuwa sikujua. Ningekuwa najua, Skola, ningesema. Siwezi kukuapia kwamba nisingesema. Uliwahi kuniomba nikuachie jambo moja, nikasema nimekuachia, nikalishika siku mbili.

Kwa hiyo usije ukadhani nimeusukuma mkono wako. Nimeupokea, na umenitosha kwa siku nyingi zijazo. Ninachokataa ni kile kilichomo ndani, maana huko unakokwenda kuna watu wasiokujua bado, na hao ni wako kuwaambia au kutowaambia. Kesho nitakusindikiza mpaka kwenye kona ya barabara, begi moja nitalibeba mimi kama utakubali. Stesheni sitafika. Nisije nikaisoma tiketi.

Siku ukitaka, mpigie Bi Mwajuma umwambie umekula, u mzima, hujaanguka, atanipitishia habari ukutani. Usitaje mji wala jina la mtu uliye naye. Na isipopita siku hiyo, sitakuja kugonga kwake kuulizia. Jumamosi wakinigeukia wote, na pale pakawa kimya, wakaniuliza binti yako yuko wapi, nitasema sijui, na itakuwa kweli.

Anayekupenda na asiyeaminika,

mama yako Agripina